Taa ya Joto

Gari lilichemka siku ya Jumanne, nje ya geti la hospitali, watu wakiangalia. Mvuke ulifuka chini ya boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Askari wa geti akaja mbio na ndoo ya mchanga akidhani ni moto, na Mwalimu, aliyekuwa amekaa mbele na mkoba wake mapajani, akashushwa akitetemeka mwili mzima. Nesi alipompima presha alitikisa kichwa. Ilibidi akae kwenye benchi saa nzima mpaka presha ishuke, ndipo akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Saa yote hiyo alikuwa na neno moja tu kwa kila aliyempita.

"Ile taa. Ile taa nyekundu ilipowaka nilijua leo sifiki."

Mumewe alisimama pembeni, kofia mkononi, hajui aangalie wapi. Mtaani wanamwita Stoo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika kampuni ya mabasi, nyuma ya dirisha dogo lenye wavu. Mafundi walikuja na mikono yao michafu wakataja ugonjwa, yeye akatoa dawa. Beringi, mikanda, plagi, mipira ya rejeta, vyote alivijua kwa namba kama wengine wanavyojua tarehe za kuzaliwa za watoto wao. Jambo moja tu hakuwahi kulifanya: kukifunga hata kimoja kati ya vipuri hivyo kwenye gari. Lakini mtu akikaa na dawa miaka yote hiyo huanza kujiona daktari, na Stoo alijiona hivyo tangu siku aliyostaafu na kununua gari lake kuukuu. Kila lilipokohoa alilitibu mwenyewe uani. Mara nyingine lilipona, na siku hizo nyumba nzima ilikosa raha kwa majigambo yake.

Safari hii hapakuwa na mahali pa mchezo. Figo za Mwalimu zilikuwa zimekufa zote mbili. Jumanne na Ijumaa, saa moja kamili asubuhi, alitakiwa awe kitandani karibu na mashine. Akichelewa, mashine ilipewa mwingine, kwa sababu waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi. Daktari aliwaeleza bila kumung'unya maneno: mwili wa mama huyu hautoi maji, kila anachokunywa kinabaki ndani, akikosa zamu moja atavimba, akikosa na ya pili msije kuniuliza. Pikipiki hakuweza kupanda kwa ile miguu. Teksi ya kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki ingeimaliza pensheni kabla mwezi haujafika katikati. Kwa hiyo maisha ya Mwalimu yalikuwa ndani ya lile gari, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, ingawa hakuna aliyependa kulitamka.

*

Alhamisi mchana Stoo alikuwa bado chini ya boneti. Utaratibu wake wa kutafuta ugonjwa ulikuwa ule ule wa dirishani: unatoa kipuri cha zamani, unaweka kipya, unawasha, unaangalia. Alikuwa amebadilisha mpira wa juu wa rejeta. Akabadilisha mfuniko. Akatoa themostati na kuitupa, kwa kuwa aliwahi kuwasikia mafundi wakisema nchi za joto hazihitaji themostati. Kila baada ya kipuri aliwasha injini, akasimama kando na mikono kiunoni, na kila mara, baada ya dakika kumi au kumi na mbili, taa nyekundu ya joto iliwaka kwenye dashibodi. Gari lile halikuwa na mshale wa kuonyesha joto. Lilikuwa na taa hiyo moja tu.

Binti yake alikuwa barazani na cherehani yake. Alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, akaleta cherehani, sanduku moja na ulimi.

"Baba, kuna kipuri kilichobaki hujabadilisha? Jaribu kubadilisha dereva."

"Wewe shona."

"Nashona. Lakini kesho ni Ijumaa."

"Najua kesho ni nini."

Kutoka ndani Mwalimu akapaza sauti, ile sauti yake ya darasa la chekechea ambayo ugonjwa haukuwa umeifikia. "Muiteni Mdomo, jamani! Gereji yake si hapo tu?"

Stoo aliinama tena kwenye injini. Mdomo alikuwa fundi, na alikuwa mmoja wa wale waliosimama dirishani kwake enzi zile. Siku moja alirudishwa mara tatu kwa sababu fomu haikuwa na saini, basi likalala njiani na abiria wake. Stoo hakupenda kukumbuka siku hiyo. Lakini binti alishatoka nje ya geti, na haikupita muda akarudi na Mdomo akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Shikamoo mzee. Linasumbua nini?"

"Halisumbui. Linachemka kidogo."

Mdomo aliomba liwashwe. Akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya baridi, akachungulia. Mapovu yalikuwa yakipanda juu ya maji, moja baada ya jingine, bila kukoma. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye jua ili wote waone. Oili ilikuwa imegeuka rangi, nzito, kama chai ya maziwa.

"Mzee, gasketi ya silinda hedi imekufa. Maji yanaingia kwenye oili, na moto unaingia kwenye maji. Hapa hata ukibadilisha rejeta nzima, litachemka tu."

"Gasketi ya hedi," Stoo alirudia, kisha akataja namba yake ya stoo, tarakimu zote, bila kuulizwa. Binti akageuza uso pembeni asicheke.

"Hiyo hiyo. Nikilifungua sasa hivi, hedi iende ikachongwe, Jumamosi jioni unalo."

"Kesho mgonjwa ana zamu."

"Kesho kodini teksi, mzee. Siku moja tu."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Hata Stoo baadaye, alipoirudia saa ile kichwani mwake, hakuona kilichokuwa kigumu. Lakini wakati ule aliyaona yale macho ya Mdomo, akaiona ile fomu isiyo na saini, akasikia binti yake akizuia kicheko puani, na kichwa kikamvimba.

"Nawajua nyinyi," alisema. "Ukishalifungua utaniambia na hiki kimekufa, na kile kimekufa. Mlikuwa mnakuja dirishani kwangu kuchukua gasketi nne za gari moja. Unadhani nilikuwa nimelala?"

Mdomo alimwangalia, akakunja kitambaa chake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Stoo zaidi.

"Sawa, mzee. Gari ni lako. Ila taa ikiwaka, zima hapo hapo. Usiongeze hata mita mia. Likichemka sana mara mbili tatu, injini itanoki, itakwama isizunguke tena, na hapo usinitafute mimi, tafuta wanunuzi wa vyuma chakavu."

*

Mdomo alipoondoka, Mwalimu alimwita mumewe chumbani. Alikuwa amelala chali, miguu juu ya mito miwili, imevimba na kung'aa. Mkono wa kushoto, ule wa sindano, ulikuwa juu ya kifua.

"Mume wangu, mimi kesho siendi na gari lile."

"Utaenda na nini?"

"Sijui. Lakini ile taa ikiwaka tena, nitakufia humo humo. Sikutanii. Moyo unakimbia, masikio yanaziba. Yule nesi alisema presha ikiwa vile hawanifungi mashine, wananirudisha. Bora nisiione."

Bora nisiione. Stoo alitoka na maneno hayo, akazunguka gari mara mbili. Kisha akaingia upande wa dereva na bisibisi. Skrubu zilikuwa nne. Alivuta dashibodi mbele kidogo, akapitisha vidole nyuma, akaizungusha balbu ya taa ya joto mpaka ikatoka. Ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi. Hesabu yake ilikuwa imeshakamilika: kama taa inawaka baada ya dakika kumi, yeye atasimama kila baada ya dakika nane. Ataongeza maji, ataiacha injini ipoe, ataendelea. Hakuhitaji taa kumwambia anachokijua tayari. Jumamosi atatafuta njia ya kulipeleka gari kwa fundi. Alichotaka ni mkewe afike, presha ikiwa chini, basi.

Kazi ile, lazima isemwe, aliifanya vizuri. Ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwenye gari lile ikafaulu mara ya kwanza.

Kabla giza halijaingia alimpandisha Mwalimu mbele, akamzungusha mitaa miwili. Mwalimu alikuwa ameikazia macho dashibodi, hapepesi. Walirudi taa haijawaka. Akapiga makofi, yale makofi matatu ya kuwapongeza watoto wa chekechea, pa, pa, pa.

"Ameiweza! Njoo uone, baba yako ameiweza!"

Binti alikuja mpaka mlangoni na tepu yake ya kupimia shingoni. Alimwangalia baba yake kwa namna ambayo Stoo hakuwa ameiona tangu msichana yule alipokuwa na umri wa miaka saba.

"Kumbe kweli baba fundi," alisema. "Nilikuwa nakuonea. Nisamehe."

Stoo akasema si kitu, ni kazi ndogo tu. Usiku ule alikula akashiba.

*

Ijumaa walifika. Stoo aliondoka mapema, na njiani kila baada ya dakika nane alipata sababu. Mara anasimama kununua gazeti, mara anataka kumsalimu mtu aliyefanya naye kazi, ambaye kumbe hayupo, mara tairi anaisikia vibaya. Kila mara alifungua boneti "kuangalia tu", akamimina maji kutoka kwenye dumu. Mwalimu aliyapokea yote kwa uvumilivu wa mtu aliyeishi na mume mmoja miaka mingi.

"Siku hizi umekuwa mtu wa kusalimia watu," alimwambia.

Hospitali presha yake ilikuwa nzuri kuliko wiki zote za nyuma. Stoo alimsikia akimwambia nesi, sindano ikiingia, "Gari amelitengeneza mwenyewe, uani kwetu. Mimi mume wangu ni injinia." Nesi akasema hongera, mzee. Stoo akaitikia asante.

Na hapo ndipo mtego ulipomnasa. Jumamosi Mdomo alikuwa gerejini kwake tangu asubuhi, lakini ungepelekaje kwa fundi gari ambalo umeshalitengeneza? Ungemwambia nini binti? Ungemwambia nini Mwalimu, aliyekuwa ameshawapigia simu dada zake wawili kuwaeleza? Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Jumatatu mchana alilitoa gari kwa siri kidogo, akajaribu dawa moja ya unga ambayo kwenye kopo walisema inaziba nyufa za injini. Alizunguka nalo nusu saa. Aliporudi injini ilikuwa inatokota, na kwa haraka ya kutaka amalize kabla binti hajatoka nje akafanya jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza gerejini anakatazwa. Aliufungua mfuniko wa rejeta ungali na moto.

Maji yaliruka yakampiga usoni na mikononi. Kelele yake ilisikika mpaka kwa majirani.

Zahanati walimfunga bandeji mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na jicho la kulia wakalifunika. Wakamwambia arudi kesho saa moja asubuhi daktari wa macho aliangalie, asipuuze kama bado analihitaji. Mwalimu alimlisha uji kwa kijiko, akimpulizia kama mtoto.

"Kesho nani ataendesha?" Stoo aliuliza.

"Si mimi nipo?" binti alisema. "Leseni ninayo. Na gari si limepona?"

*

Saa kumi na mbili asubuhi Mwalimu alikuwa ameshakaa mbele, mkoba mapajani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Binti alikuwa jikoni akijaza chupa ya maji ya kunywa. Stoo akamfuata. Walikuwa wawili tu mle ndani, na mlango ulikuwa umefungwa. Nafasi bora kuliko hiyo asingeipata.

"Sikiliza," alisema. "Ukifika pale kituo cha mafuta, simama. Uongeze maji kwenye rejeta. Uache boneti wazi kidogo. Halafu ukifika darajani, simama tena."

"Kwani bado linachemka?"

"Halichemki. Ila injini ya zamani... inataka kupumzishwa."

"Baba, mimi sijui mambo ya boneti. Likipata joto si taa itawaka? Ikiwaka nitasimama."

Maneno yalifika kooni kwa Stoo. Yalikuwa machache: taa haina balbu, niliitoa. Alimwangalia binti yake kwa lile jicho moja, akaona ule mtazamo wa Alhamisi bado upo usoni mwake, haujafutika. Mama mtu akapiga honi kule nje.

"Fanya nilivyokwambia," Stoo alisema. "Simama kituo cha mafuta."

"Sawa, baba. Wewe nenda kaangaliwe jicho."

Aliwasindikiza mpaka getini. Mwalimu alimpungia mkono wa kulia, ule usio na sindano. Gari likakata kona. Stoo akabaki amesimama akihesabu dakika, na dakika ya nane ilipotimia akajikuta akiomba, kwa sauti, kama kichaa, barabarani.

*

Simu ilimkuta zahanati, kwenye foleni ya macho. Ilibidi nesi amshikie sikioni.

"Baba, gari limezima." Sauti ya binti ilikuwa juu, nyuma yake magari yanapiga honi. "Lilipiga kelele kama vyuma vinagongana, likakata, na haliwaki tena. Tuko kwenye mlima, baada ya daraja. Moshi unatoka."

"Ulisimama kuongeza maji?"

"Foleni ilikuwa ndefu, baba, nikaona nikisimama mama anakosa mashine. Lakini taa haikuwaka! Nilikuwa naiangalia. Naapa, haikuwaka hata kidogo."

Ukumbi wa zahanati ulikuwa umejaa watu, na nesi aliyeshika simu alikuwa anasikia kila kitu. Stoo aliinamia simu.

"Labda hukuiangalia vizuri," alisema.

Binti akasema polepole, "Labda."

Walisimama juani kwa muda wa karibu saa mbili. Teksi mbili zilipita zimejaa, ya tatu ilisimama, dereva akamwona Mwalimu alivyokuwa anahema akasema yeye hachukui wagonjwa, wasije kumfia garini. Aliyewachukua mwishowe alikuwa mwenye lori la matofali. Walifika saa tatu na nusu. Mashine ilikuwa na mtu mwingine, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa amelala mdomo wazi, na huwezi kumnyang'anya mtu damu yake ikiwa nusu ndani nusu nje. Nesi yule yule aliyesema hongera aliwaambia, bila kuwaangalia, nafasi ya karibu ni Ijumaa.

Hata hiyo Ijumaa haikufika. Jumatano jioni Mwalimu alishindwa kulala chini, akawa anapumua ameketi, akishika ukingo wa kitanda kama mtu aliye kwenye mashua. Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja na gari lake wakamkimbiza. Walimwekea oksijeni. Waliambiwa maji yamefika kwenye mapafu, mashine ipo lakini moyo umechoka mno, hawawezi kumfunga. Alhamisi saa nne asubuhi alifariki. Neno lake la mwisho kwa Stoo lilikuwa la kumuuliza kama jicho linamuuma.

*

Baada ya mazishi watu walikaa uani kwenye viti vya kukodi. Msiba, kama ilivyo kawaida, ulitafuta mwenye kosa, na haukuhangaika sana. Shemeji mtu, yule kaka wa marehemu, ndiye aliyeanza.

"Kila gari lina taa ya joto," alisema, sauti yake ikifika mpaka jikoni walikokuwa wanawake. "Hata lile langu la kubebea saruji. Ikiwaka unasimama. Baba yake kahangaika kulitengeneza mpaka kajiunguza uso, yeye kazi yake ilikuwa kuangalia taa tu. Taa moja! Alikuwa anaangalia nini?"

Shangazi mmoja akasema vijana siku hizi macho yao yako kwenye simu. Mwingine akasema hata ndoa ilimshinda kwa kutokuwa makini. Binti alikuwa anasikia. Alikuwa anaosha vikombe, na aliendelea kuviosha hata vilipokwisha, akavirudia vile vile vilivyo safi. Stoo alikuwa amekaa katikati ya wanaume, mikono yake myeupe kwa bandeji juu ya magoti. Watu walimwonea huruma sana. Kila aliyekuja alimpa pole mbili, ya mke na ya kuungua.

Siku ya tatu, mchana, Mdomo alikuja. Ndiye aliyelivuta gari kutoka kule mlimani, likawa kwake gerejini. Alikaa kwenye kiti cha karibu na Stoo, akasubiri mpaka jirani aliyekuwa hapo akaondoka.

"Mzee, injini imekwisha. Hilo tuliache." Aliinama, akashusha sauti. "Nilifungua dashibodi. Nilitaka kujua kwa nini binti hakuona taa, maana nasikia wanavyomsema. Nimekuta tundu tupu."

Stoo aliangalia bandeji zake.

"Sitamwambia mtu," Mdomo alisema. "Si kazi yangu. Lakini mwambie binti. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Yule mtoto hali chakula. Mke wangu anasema jana alimkuta amesimama uani anaongea peke yake. Mwambie, mzee, atachukia, atapona. Hivi hivi hatapona."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo leo," Stoo alisema, na alikuwa anamaanisha. Mdomo akampigapiga begani kwa upole, mahali pasipo na bandeji, akaondoka. Alikuwa mtu mwema, na Stoo alimchukia kwa wema ule.

Alimkuta binti chumbani kwa mama yake, amekaa sakafuni, anakunja nguo za marehemu. Alikuwa amekonda kwa siku tatu kiasi ambacho watu hukonda kwa mwezi. Stoo alifunga mlango kwa kiwiko. Akakaa kitandani.

"Mwanangu," alianza. "Kuna jambo nataka kukuambia. La gari."

"Najua, baba." Binti hakuinua uso. "Hata mimi nilikuwa nataka kukuambia. Nimekumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Iliwaka. Taa. Iliwaka pale darajani." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Kwenye simu nilikudanganya. Au sijui, nilijidanganya mwenyewe. Lakini sasa naiona kabisa. Nyekundu, upande wa kushoto, inawaka. Na mama akaniambia, taa ile, na mimi nikamwambia tumebakiza kidogo. Kila nikifumba macho naiona. Niliiona, baba, nikapita."

Stoo alifungua mdomo. Upande wa pili wa ukuta shemeji yake alikuwa anawaambia watu jinsi alivyoendesha kwa kasi usiku ule wa Jumatano. Viti vilikuwa vinaburuzwa. Wote wale walikuwa wamekuja kumpa pole yeye, na wangekuja tena kesho. Binti yake alikuwa ameinua uso sasa, akimwangalia, na macho yake yalikuwa yanaomba kitu kimoja tu. Hakuwa anaomba ukweli. Ukweli alishautengeneza mwenyewe, akaumaliza.

"Nisamehe, baba. Wengine waseme wanavyosema. Wewe nisamehe. Wewe ulijitahidi mpaka ukaungua."



"Nimekusamehe," Stoo alisema.

Binti akajivuta kwa magoti mpaka kitandani, akaushika ule mkono wenye bandeji kwa uangalifu asije akamuumiza, akaweka shavu juu yake, akalia kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, na katikati ya kilio akawa anasema asante, asante baba, Mungu akubariki. Stoo aliketi pale akishukuriwa. Shangazi aliyesukuma mlango akachungulia aliwaona, akarudi uani kuwaambia watu kwamba mzee yule ana moyo wa pekee.